Baiskeli, Korongo na Lugha ya Njiani

Yapo mazoea katika vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu nchini Kenya ya kuamini kwamba safari ya kitaaluma ni safari ya kwenda Pwani. Mwanafunzi hupelekwa Mombasa, akibahatika hufika Lamu, akapigwa picha mbele ya mlango wa nakshi, kisha akarejea bara akiwa na hakika kwamba amekionja Kiswahili kwenye chemchemi yake. Hakuna anayeyabeza hayo. Hata hivyo, ipo safari nyingine, fupi na rahisi zaidi, ambayo haijatiliwa maanani: kuendesha baiskeli kutoka kando ya Ziwa Naivasha hadi kwenye korongo la Ol Njorowa, ndani ya Mbuga ya Hell's Gate.

Naivasha ni mji wa soko ulioko Bonde la Ufa, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi. Mbuga hiyo, iliyotengwa rasmi mwaka 1984, ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli pasipo kufungiwa garini. Baiskeli hukodishwa karibu na njia panda, kwenye barabara ipitayo kusini mwa ziwa. Kutoka Lango la Elsa, njia hupita katikati ya magenge mekundu, ikiwa tambarare kwa sehemu kubwa, na vumbi lake laini la majivu ya volkano ndilo adui mkuu wa mnyororo. Twiga, punda milia, kongoni na swala huwa kando ya njia. Nyati nao wapo, na hao hawataki mzaha. Mwenye pumzi za kutosha anaweza kuushika Mzunguko wa Buffalo unaopanda vilimani. Asiye nazo atatosheka na njia ya chini, na wala hatakuwa amepungukiwa na kitu.

Jambo la kwanza la kumvutia mwanafunzi wa lugha liko kwenye baiskeli yenyewe. Kiswahili kilipokipokea chombo hiki hakikukaa kusubiri kamati ya istilahi. Usukani ulitolewa baharini, kwa manahodha. Tandiko likatoka mgongoni mwa punda. Mnyororo nao ulikuwa na historia ya kusikitisha kabla haujazungusha gurudumu. Penye upungufu, fundi alilichukua neno la kigeni akalitia irabu: breki, gia, tairi, pampu, spoki. Hata kile kifaa cha kupunguza mitikisiko kilipata jina, shokomzoba, neno ambalo hakuna mhadhiri angethubutu kulibuni. Basi dai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mchezo huu ni dai la mtu asiyewahi kusimama katika kibanda cha kuziba pancha.

Wapo pia wanaouona mchezo wenyewe kuwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba baiskeli ya milimani, kama inavyofahamika leo, ilianzia Marekani katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County huko California walipozoea kuteremka vilima kwa baiskeli nzito kuukuu. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki za Atlanta, mchezo huo ukapewa medali. Lakini baiskeli nzito kuukuu kwenye njia ya udongo ni nini, kama si Black Mamba ya muuza maziwa wa Nyandarua? Na wale wa Busia waliobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka, ambao kwa maelezo ya wengi ndio waliotupatia neno bodaboda, walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakiuendesha mchezo huu pasipo jina wala medali. Isitoshe, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017 chini ya bendera ya Uingereza, alilelewa kimchezo na Mkenya David Kinjah kwenye njia za vumbi za Kikuyu. Mwalimu alikuwa mwenyeji. Hilo halisemwi vya kutosha.

Njiani kuelekea korongoni husimama nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 25 hivi. Ramani huiita Fischer's Tower, kwa kumkumbuka Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Wamaasai nao wana simulizi yao: mwamba huo ni binti aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa, akakatazwa kutazama nyuma, akashindwa kujizuia kuliangalia boma la wazazi wake mara ya mwisho, akageuka jiwe. Ni ajabu kwamba mpita njia mmoja amelichukua jina la mwamba, ilhali binti ambaye masimulizi yanasema amesimama hapo siku zote hana hata kibao. Wanafunzi wa fasihi simulizi, ambao kila mwaka hulalamika kwamba hawana data mpya ya utafiti, wangeweza kuifikia hiyo kwa mwendo wa dakika chache za pedali.

Hata hivyo, hoja iliyo nzito kuliko hizo zote haihusu utanzu wala msamiati. Inahusu uhai. Korongo la Ol Njorowa ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mvua inaweza kunyesha mbali, vilimani, maji yakakusanyika na kuingia korongoni kwa kishindo wakati mbingu iliyo juu ya mgeni haina wingu. Aprili 2012 watu 7 walifia humo, wakiwa vijana wa kanisa waliokuja kutembea. Septemba 2019 watu 7 wengine walifikwa na mauti kwa namna iyo hiyo, na korongo likafungwa baada ya mkasa huo. Si haki kudai kwamba lugha ndiyo iliyowaua. Maji ndiyo yaliyowaua. Lakini maandishi mengi ya mbugani ni ya Kiingereza, na onyo ni aina ya matini isiyokubali kusomwa nusu nusu. Sentensi kama "Mvua ikinyesha vilimani, usiingie korongoni" haihitaji shahada kuieleweka wala kuiandika. Je, nani ameombwa kuiandika?

Jibu la kawaida ni kwamba wageni wanajua Kiingereza. Wageni gani? Naivasha imejaa wafanyakazi wa mashamba ya maua waliotoka kila pembe ya nchi, na lugha inayowaunganisha kiwandani, sokoni na kwenye baiskeli zao za kwenda kazini alfajiri ni Kiswahili. Watoto wao huletwa mbugani na shule. Vijana wa makanisa huja kwa mabasi. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa; kibao cha onyo katika mbuga ya umma si mahali pa kuisahau ibara ya 7. (Jina la mbuga lenyewe libaki lilivyo. Anayetaka kuligeuza kuwa Lango la Jahanamu kwanza aulize ni nani atalipa kiingilio.)

Vyama vya wanafunzi havina bajeti ya kuweka vibao, ila vina watu wanaojua kuandika Kiswahili sahihi, na kazi hiyo inaweza kutolewa bure kwa wasimamizi wa mbuga: maonyo, maelezo ya njia, simulizi ya binti. Safari yenyewe ni ya siku moja. Chama kitakachotangulia kitahitaji maji ya kutosha, tyubu za akiba na madaftari mawili, moja la masimulizi ya wazee wa Kimaasai na jingine la maneno ya mafundi wanaokodisha baiskeli pale njia panda. Januari na Februari, kabla ya mvua ya masika, ndiyo miezi ifaayo.