Risala ya walezi wa kambo na familia za kuaminika wa Temeke na Kinondoni kuhusu fedha za malezi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madiwani,
Maafisa ustawi wa jamii,
Wawakilishi wa mashirika,
Wenyeviti wa mitaa na walezi wenzetu,

Tunaijua ratiba yako, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye lililotuleta.

Sisi ni walezi wa kambo na familia za kuaminika kutoka Mbagala, Chamazi, Tandika na Yombo kwa upande wa Temeke, na Tandale, Mwananyamala, Bunju na Mabwepande kwa upande wa Kinondoni. Wengi wetu ni mama lishe, mafundi cherehani, wenye genge na wastaafu. Tumepokea majumbani mwetu watoto tusiowazaa, na hilo hatulijutii hata kidogo. Linalotuumiza ni namna fedha za kuwatunza zinavyoamuliwa. Mashirika yanaamua kivyao, serikali inaamua kivyake, na mlezi anapewa taarifa mambo yakiwa yamekwisha, tena mpaka aulize.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenzetu mmoja wa Chamazi aliletewa mtoto wa miaka minne saa tano usiku. Mtoto alikuja na mfuko wa rambo, ndani yake gauni moja na kadi ya kliniki iliyolowa maji hadi jina la mama halisomeki. Kadi hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yake pekee duniani. Mama huyu akaanza kufuatilia cheti cha kuzaliwa, maana bila cheti hakuna bima, na mtoto alikuwa na kifua kinachobana kila mvua ikinyesha. Shirika lililokuwa likisimamia familia yake likamwambia cheti ni kazi ya serikali. Akaenda ofisi ya ustawi, akaambiwa nauli na gharama za ufuatiliaji zimo kwenye bajeti ya shirika. Akarudi kwenye shirika. Wakati huo dawa za kifua alikuwa akinunua duka la dawa kwa fedha ya vitumbua. Wala hatusemi kwamba waliomhudumia walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye aliyetengewa hiyo fedha, kwa sababu hawajawahi kukaa meza moja wakaonyeshana hesabu.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 94, imeipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kanuni za malezi ya kambo zilitoka mwaka 2012. Mwaka uleule wa 2009 ilipotungwa sheria, Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala, inayosisitiza kwamba mahali pa mtoto ni kwenye familia na kwamba taasisi itumike pale tu inapobidi. Temeke yetu ilikuwa miongoni mwa halmashauri za mwanzo nchini kujaribu mfumo wa ulinzi wa mtoto kwa kushirikiana na UNICEF. Kwa hiyo hatukuja kudai sheria mpya. Sheria imeshamtaja mwenye wajibu, ila haikutaja kiasi cha fedha ambacho halmashauri inapaswa kutenga, na pengo hilo limeachwa lizibwe na miradi.

Na miradi ina kalenda zake. Mwaka wa fedha wa serikali yetu unaanza Julai. Wa serikali ya Marekani unaanza Oktoba. Wafadhili wengine wengi wanahesabu Januari hadi Desemba. Halmashauri inapopokea ukomo wa bajeti, shirika bado linasubiri barua kutoka ng'ambo. Shirika linapopata fedha, bajeti ya halmashauri imeshapita kwenye Baraza la Madiwani. Hapo katikati kuna mtoto anayetakiwa kula leo na kwenda shule kesho. Elimu bila ada tunaishukuru, lakini sare, madaftari na nauli ya daladala havimo.

Januari 2025 tulionjeshwa matokeo ya kutegemea miradi. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa kabisa. Watoa huduma wa jamii waliokuwa wakitutembelea majumbani waliacha kuja. Wengine walitupigia simu kutuaga kwa vocha zao wenyewe, na tunawashukuru. Lakini daftari za watoto, zenye historia ya kila mmoja, tarehe za kliniki na majina ya ndugu waliokuwa wakitafutwa, zilibaki kwenye makabati ya ofisi zilizofungwa. Hakuna aliyekabidhiwa. Halikuwa kosa la Washington peke yake. Sisi wenyewe hapa nyumbani hatukuwa na utaratibu wa kupokeana.

Hali ilikuwa hivyohivyo mwaka 2023, usajili wa mtoto mmojammoja kwenye bima ya afya ya watoto, Toto Afya Kadi, uliposimamishwa. Baadhi ya watoto wetu walikuwa wakilipiwa na mashirika ile shilingi 50,400 ya mwaka. Fedha ya mwaka unaofuata ilikuwepo, kadi ya kuilipia haikuwepo, na hakuna kikao kilichoitwa kuamua ifanye kazi gani nyingine kwa watoto walewale.

Kuna jambo lingine, nalo tunalisema kwa heshima kwa sababu miongoni mwenu wapo wanaoendesha makao ya watoto. Makao yana geti, yana kibao, yana watoto wengi pamoja, na mfadhili akija anapiga picha. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala Kizuiani haina kibao. Fedha zinakwenda zinakoonekana. Rwanda ilipoanza mwaka 2013 kuwatoa watoto kwenye vituo na kuwapeleka kwenye familia, serikali na UNICEF walishika kazi hiyo pamoja. Kenya imejiwekea mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wenye shabaha hiyohiyo. Hatuoni kwa nini Dar es Salaam ishindwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dai letu kubwa ni moja: uamuzi wa fedha za malezi ya kambo ufanywe kwa pamoja, katika kila halmashauri, kabla bajeti haijafungwa. Hatutaki kamati mpya, zilizopo zinatosha. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto (MTAKUWWA) ya halmashauri ipewe kikao maalumu kila Oktoba. Kila shirika lenye mradi wa watoto lije na kiasi lilichonacho, mitaa litakayofika na tarehe ambayo fedha zitakwisha. Mashirika tayari huwasilisha serikalini mikataba yao mikubwa kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018, kwa hiyo hatuombi siri ya mtu. Halmashauri nayo ije na chake. Walezi tuwe na wajumbe wenye kauli na kura, na si wa kuitwa kutoa ushuhuda na kunywa soda. Maamuzi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, shilingi kwa shilingi.

Kikao hicho hakitakuwa na maana kama halmashauri inakuja mikono mitupu. Tunadai kasma ya malezi ya kambo kutoka mapato ya ndani. Sheria ilipozitaka halmashauri kutenga asilimia 10 kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, fedha zilipatikana. Leo hatutaji asilimia. Ianze hata ndogo, mradi iwepo, kwa kuwa jambo lisilo na kasma diwani hawezi kulitetea hata akitaka. Fedha ya kwanza ya kasma hiyo iende kwenye usiku wa kwanza wa mtoto: godoro, nguo, chakula, nauli ya hospitali, na gharama za cheti cha kuzaliwa.

Shirika linalofunga mradi litoe taarifa miezi sita kabla na likabidhi daftari za watoto kwa afisa ustawi wa kata, kwa maandishi, mlezi akiwepo.

Hatuombi mshahara. Tulibishana sana juu ya hili, na wenzetu kadhaa walihofu kwamba fedha ikionekana watajitokeza watu wanaotaka fedha kuliko mtoto. Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana tunakubali kukaguliwa bila taarifa, kuhojiwa kwa watoto wetu faragha, na kuondolewa kwenye orodha yeyote atakayebainika anakula cha mtoto.

Wajumbe wetu wawili kutoka kila wilaya wameshachaguliwa na wako hapa ukumbini. Tunaomba kabla hujaondoka ututajie tarehe ya kikao cha kwanza, na afisa atakayekiitisha.

Tunaomba kuwasilisha.

Walezi wa kambo na familia za kuaminika,
Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam