Shahada ya ndege ianzie karakanani

Tangu 2016 Tanzania imekuwa ikilifufua shirika lake la ndege, ATCL, kwa kununua ndege mpya: Q400 za safari za ndani, Airbus A220, Boeing 787 na, mwaka 2023, ndege ya mizigo aina ya Boeing 767. Vijana wameziona na wamevutika. Vyuo navyo vimeitikia. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege hadi ngazi ya shahada, na Nairobi vipo vyuo vikuu vyenye shahada za uhandisi wa ndege. Ni hatua njema, ila tusijidanganye: katika kazi ya anga, shahada bila leseni haimfikishi mtu kwenye ndege.

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) viko wazi. Anayetaka leseni ya ufundi wa ndege awe ametumikia kwenye matengenezo miaka minne, au miwili iwapo amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Rubani wa biashara anatakiwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, na leseni ya juu kabisa inadai saa 1,500. Hayo hayapatikani darasani. Fundi mwanagenzi akibadilisha gurudumu au akikagua injini, kazi hiyo huandikwa kwenye daftari lake na mwenye leseni aliyemsimamia huitilia saini. Bila saini hizo, hana ushahidi wa uzoefu wake. Mhitimu asiye na karakana ya kumpokea hubaki na cheti chenye alama nzuri na daftari tupu.

Ndiyo maana nasema mafunzo ya anga yafungamanishwe na shirika la ndege tangu mwaka wa kwanza. Ethiopia ilifanya hivyo. Ethiopian Airlines ilianzishwa 1945 kwa msaada wa shirika la ndege la TWA la Marekani, na wageni ndio walioiongoza mwanzoni, lakini Waethiopia walikuwa wakifundishwa humo humo kazini, hata 1971 umeneja mkuu ukashikwa na mwananchi. Chuo chake cha Addis Ababa, ambacho leo ni chuo kikuu, kimekulia ndani ya shirika, na Waafrika wa nchi nyingine huenda kusomea huko. Mwaka huo huo wa 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda. Jumuiya ilipovunjika 1977, East African Airways ikafa nayo, na Soroti ikabaki bila shirika la pamoja la kuwapokea wahitimu wake. Chuo kiliyumba kwa miaka mingi.

Wapo watakaosema shirika linaloandamwa na hasara halina nafasi ya kulea wanafunzi. Hoja hii ina uzito, kwa sababu ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeonyesha hasara za ATCL mara kwa mara. Lakini mafundi na marubani wa kukodi kutoka nje hulipwa kwa dola, na kuwaita kila mara ni gharama isiyo na mwisho. Wengine wanahofu kwamba tukishawafundisha watakimbilia Ghuba. Baadhi wataondoka kweli. Mkataba wa kutumikia miaka kadhaa unapunguza hasara hiyo, na pengo la anayeondoka huuma zaidi pale wanaobaki wanapokuwa wachache. Wala sisemi chuo kikuu hakina kazi. Fizikia, uchunguzi wa ajali na uongozi wa viwanja vya ndege vinahitaji wasomi hasa. Ninachokataa ni kumwachia msomi huyo atafute karakana mwenyewe baada ya mahafali.

Bunge litakapoombwa tena fedha za ndege mpya, wabunge waulize mkataba una nafasi ngapi za mafunzo kwa vijana wetu, katika karakana ipi, na nani atatia saini madaftari yao. Pasipo jibu, fedha hizo zisipitishwe.