Wavuvi wa Eyasi wasinunue chombo kwa macho

Biashara ya samaki wa Ziwa Eyasi hupanda na kushuka pamoja na maji. Mvua zikiwa nzuri, kama zile za El Nino za mwaka 1997/98, ziwa hujaa na kambi za wavuvi upande wa Mang'ola huchangamka kwa kambale na perege. Kiangazi kikikolea maji hurudi nyuma, na eneo kubwa hubaki tope na chumvi. Mvuvi anayetaka kununua chombo hana budi kuanza na ukweli huo kabla hajauliza bei.

Suala hili lina uzito kwa kuwa fedha za kukopa zipo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, hutolewa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka huohuo wa 2024 serikali iligawa boti za kisasa kwa mkopo kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Ni rahisi kwa kikundi cha Karatu kuziona boti hizo na kutamani zilezile. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Ziwa Victoria lina kina kinachofikia mita 80 hivi, na mawimbi yake hayana mzaha. Chombo cha huko huhitaji mkuku, ubavu mrefu na mashine. Eyasi ni ziwa la magadi lisilo na mto wa kulitoa maji, na kina chake ni kifupi kiasi kwamba mahali pengi pondo hufaa kuliko kasia. Mkuku utakwama na panga la mashine litachimba tope. Kinachotakiwa ni chombo chepesi, cha tako bapa na pana, ambacho watu wawili wanaweza kukiburuta kuyafuata maji.

Wapo wanaopendekeza kayaki za plastiki. Hazioti kutu wala hazihitaji kukalafatiwa. Hata hivyo, kayaki si moja. Zile nyembamba za mwendo kasi, zenye upana wa sentimita 60 hivi, hazifai kabisa kuvulia. Za uvuvi hufikia sentimita 75 hadi 90, na mvuvi hukaa juu yake badala ya ndani. Lakini nyingi hubeba mtu mmoja na mzigo usiozidi kilo 150 au 200 kwa jumla, naye mvuvi akiwemo. Ukitoa uzito wa mtu, nyavu zilizolowa na maji ya kunywa, nafasi ya samaki ni ndogo. Kwa ndoano zinafaa. Kwa nyavu za biashara hapana.

Mtumbwi wa kuchonga nao ni imara kwa umri, ila ni mzito, na duara la tako lake huufanya uyumbe mtu anapoinuka. Kwa Eyasi, boti ndogo ya mbao yenye tako bapa inabaki kuwa chaguo la busara, mradi misumari yake iwe ya zinki, kwani maji ya chumvi hula chuma haraka.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Boti ya faiba ya shilingi 3,600,000 ikidumu miaka 10 na kufanya kazi miezi 5 kwa mwaka, kila mwezi wa kazi hugharimu shilingi 72,000. Boti ya mbao ya shilingi 1,000,000, yenye matengenezo ya shilingi 100,000 kwa mwaka na uhai wa miaka 5, hugharimu shilingi 60,000. Tofauti si kubwa. Lakini ziwa likikauka mwaka wa pili, wa faiba amefungia shilingi 3,600,000 kwenye tope, na wa mbao 1,000,000. Mkopo usio na riba bado ni deni, na deni halina likizo ya kiangazi.

Kuhusu uthabiti, mnunuzi asisikilize maneno ya muuzaji. Aingize chombo kwenye maji ya magoti, watu wawili wakae upande mmoja, wavute wavu wenye mzigo. Kikichota maji hapo, kitapinduka upepo wa mchana utakapovuma. Wanaovua Ziwa Manyara, nje ya mipaka ya hifadhi ya taifa ambamo uvuvi hauruhusiwi, wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu: kiboko hamhurumii aliye kwenye chombo chembamba.

Halmashauri nayo ina wajibu. Badala ya kuidhinisha orodha ya vifaa iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, ofisi ya uvuvi ishuke ziwani na kikundi, ipime kina, na ipange marejesho yafuate msimu wa samaki. Jaketi la kujiokolea liwe sehemu ya mkopo, pamoja na leseni inayotakiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hanunui mbegu bila kujua maji ya mfereji wake yatafika lini. Mvuvi jirani yake afanye vivyo hivyo: apime ziwa kwanza, kisha ndipo apime mfuko.