KFC ya Katesh

Wiki hii safu imetua Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako mshikaji wangu kafungua banda la chipsi kuku jirani na stendi. Juu ya banda anataka kuandika KFC. "Katesh Fried Chicken," ananiambia, anacheka kama kashinda bahati nasibu.

Nikamwambia kaka, hilo ni soo. Hizo herufi zina wenyewe. Mzee Harland Sanders wa Kentucky, Marekani, alianza kukodisha jina na mapishi yake mwaka 1952, akaanzia kwa Pete Harman wa Salt Lake City, akilipwa senti chache kwa kila kuku. Nairobi walifunguliwa mwaka 2011, Dar 2013. Na anayekodi hapewi jina tupu, anabebeshwa na masharti ya jikoni. Januari 2022 maduka ya Kenya yaliishiwa chipsi huku viazi vimejaa sokoni, kisa viazi vya wakulima wa pale havijapitishwa na ukaguzi wa kampuni. Wakenya waliwaka, na mimi ningewaka.

Tukiwa katika maongezi hayo akaja dada mmoja, mtoto wa mjini kabisa. Akauliza kuku gani. Kusikia broila, huyo akaondoka! Eti wanadungwa homoni, wanaume wanaota matiti. Jamani! Broila anafika mezani kwa wiki tano sita kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa miaka na miaka, pamoja na kula kwa fujo. Nani atashika sindano apite kuku mmoja mmoja, mia tano? Cha kuuliza ni antibayotiki. Mfugaji akimtibu kuku leo na kumuuza kesho, bila kusubiri siku za dawa kutoka mwilini, wewe unakula dawa bila cheti cha daktari.

Halafu kuna ile ya mafuta ya transfoma. Hiyo siicheki, maana mwaka 2014 Kenya iliripotiwa kweli kwamba yanaibwa na kuuziwa wakaanga chipsi.

Ila mimi kilichonilaza siku mbili hakikuwa transfoma wala homoni. Ilikuwa kachumbari, kwenye kibanda fulani Mbulu mjini. Niliona kwa macho yangu kisu kinapasua kuku mbichi, kinafutwa kwenye aproni, kinahamia kwenye nyanya. Nikala hivyo hivyo, njaa haina adabu. Usiku niliijua njia ya chooni kuliko ya nyumbani.

Basi nikachungulia karai la mshikaji. Mafuta meusi tii, kama oili chafu ya gari.

"Ulimwaga lini?"

"Hayamwagwi, yanaongezwa."

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na bwana afya wa halmashauri naye hupita, lakini nani atakaa kwenye kila karai? Nikamwambia aache hizo herufi, achukue masharti: mafuta mapya, visu viwili, kuku aive mpaka mfupani.

Akatoa kalamu, akapiga hesabu nyuma ya boksi la sigara. Akapiga tena. Kisha akaniuliza, "Sahani ikipanda bei, wewe utakuja kula hapa au utaenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara?"

Nilikuwa na nauli tu mfukoni. Nikaangalia ng'ambo ya barabara.

Tukutane wiki ijayo.