Unga wa protini: unapunguza unene kweli?

Ukifungua simu siku hizi, uwe Kongwa, Mpwapwa au Chamwino, hukosi kukutana na tangazo la kopo la unga wa protini. Picha ni mbili, kabla na baada. Maneno ni yale yale: kunywa asubuhi, tumbo linakwisha. Unatuma hela, kopo linakuja na basi.

Wanunuzi wapo kwa sababu tatizo lipo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 36 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa 2015/16 ulikuta 28. Lakini huo wa 2022 ulikuta pia kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama anayetaka kupungua na mtoto anayehitaji kukua, na hela ya mboga ni ile ile.

Je, unga huo unapunguza unene? Wenyewe, hapana. Protini haiyeyushi mafuta ya mwilini. Inachofanya ni kushibisha kwa muda mrefu kuliko wanga, na mtu anapopungua inasaidia kulinda misuli, ili kinachopotea kiwe zaidi mafuta. Hayo ni kweli, na wauzaji hawadanganyi wakiyasema. Wanachokiacha ni kwamba faida inakuja pale tu unga unapochukua nafasi ya chakula kingine. Anayekunywa kikombe cha unga, kisha chai ya sukari na maandazi matatu, halafu mchana ugali wake kama kawaida, ameongeza chakula. Huyo atanenepa, tena kwa gharama.

Tuhesabu kidogo. Kijiko kimoja cha kupimia cha unga huo kwa kawaida kina protini gramu 20 hadi 25 na kalori kama 120. Protini hiyo unaipata kwenye mayai manne, au gramu 100 za kunde kavu, au karibu gramu 40 za dagaa wakavu. Tuseme ukweli: kunde hizo zina kalori kama 340, kwa hiyo hapo kopo linashinda. Ila kunde zina nyuzinyuzi ambazo unga mwingi hauna, nazo pia zinashibisha. Dagaa ndio wanaolikaribia kopo kabisa, mradi wasiogelee kwenye mafuta.

Shida kubwa iko kwenye sahani zetu, ugali mlima na mboga kidogo pembeni. Ugali wa uwele kwa mlenda ni chakula cha heshima hapa Ugogoni, lakini mlenda mtupu hauna protini ya kutosha. Ukiutia karanga protini inaongezeka, ila kumbuka karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Anayetaka kupungua apunguze ugali hadi nusu, kunde, choroko au dagaa wachukue nafasi hiyo. Watoto wale hiyo hiyo mboga, na ugali wao usiguswe.

Kuna watu wasioanza unga huu bila kumwona daktari. Mwenye ugonjwa wa figo ni wa kwanza, maana protini nyingi inazizidishia mzigo. Mwenye kisukari au presha ya muda mrefu apime figo kwanza, kwa sababu magonjwa hayo huziharibu kimyakimya.

Jihadhari pia na unga usio na jina la kiwanda. Nchi kadhaa zimekamata bidhaa za kupunguza unene zilizofichwa sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Tangu 2019 usimamizi wa chakula hapa nchini uko kwa Shirika la Viwango, TBS. Angalia nembo yake, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya vilivyomo.

Na kama bado unalitaka kopo, gawa bei yake kwa idadi ya vijiko vilivyoandikwa ubavuni. Kisha siku ya mnada uliza mayai manne ni shilingi ngapi.