Tusichekane kwa Maneno Marefu

Muhula uliopita, katika somo la bayolojia, niliambiwa nisome kwa sauti. Nilipofika kwenye "photosynthesis", ulimi ukakwama. Darasa zima likaangua kicheko. Kwa wiki mbili sikunyosha mkono, hata pale nilipojua jibu. Je, hasara ni ya nani?

Maoni yangu ni haya: neno refu lisimezwe zima zima. Hata muwa huliwa pingili kwa pingili. Sisi tulianza shule kwa ba, be, bi, bo, bu. Kwa nini tuutupe ujuzi huo? Kata hivi: fo-to-sin-the-sis. Kumbe ni silabi tano tu! Lakini chunga mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi kwa mazoea tunautia kwenye "the". Waingereza huuweka kwenye "sin".

Ukilikata neno, maana nayo hujitokeza. "Photo" ni mwanga, "synthesis" ni kuunganisha. Yote mawili yana asili ya Kigiriki. Nasi Kiswahili tunasema usanisinuru: usanisi na nuru. Si ni rahisi jamani?

Walimu wetu wapendwa, tunaomba kila neno jipya likatwe ubaoni kabla hatujalisoma. Nanyi wenzangu, acheni kucheka. Anayechekwa leo haulizi kesho, na wahenga walishanena: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.