NYUMBA HAZIJIVUNJI ZENYEWE



Kila alalaye nje katika mji wa Nairobi hutafutiwa kosa lake. Mara yeye ni mvivu, mara alijenga pasipo ruhusa, mara ni mvua iliyomfukuza. Sisi twauliza: tingatinga nalo huletwa na mvua?

Tukumbuke. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Serikali iliamuru kila mtu awe nyumbani ifikapo saa moja ya usiku. Tarehe 4 Mei nyumba za maelfu ya watu wa Kariobangi zikavunjwa, ingawa mahakama ilikwisha kutoa amri ya kuzuia. Watu waliambiwa wakae ndani, kisha ule ndani ukabomolewa!

Machi 2024 Rais akatia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 300, na mwajiri wake huongeza 300. Miezi miwili haijatimia, matingatinga yalikuwa Mathare, yakiwavunjia watu waliokwisha kupigwa na mafuriko. Ahadi waliyopewa ni shilingi 10,000 kwa kila jamaa. Mkono mmoja wakusanya fedha za kujenga, mkono wa pili wabomoa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yataka mtu apewe notisi ya miezi mitatu kabla ya kuhamishwa. Hatusemi watu waachwe wachukuliwe na mto. La! Twasema, akuhamishaye kwa usalama wako hukuonyesha kwanza utakakolala.

Mkoloni alimvisha Mwafrika kipande shingoni, akamhesabu kuwa mpita njia katika mji alioujenga kwa jasho lake. Kipande kilikwisha zamani, lakini fikira ile ingali imeketi ofisini.

Basi lawama ni ya nani? Ni ya atiaye sahihi amri, ya Waziri amtumaye, na ya Mbunge anyamazaye. Nasi wanachama tukiwapa kura bila kuwauliza, sehemu yetu ipo.

Ajapo mgombea, hata akiwa wa chama chetu, msimwulize atajenga nyumba ngapi. Mwulizeni: zetu zilipovunjwa, ulisimama upande gani?